Malalamiko Kuhusu Rangi ya Kahawia na Mchumba wa Mjukuu Wangu

Kambi ya malisho ya Granbuan,
juu ya kijiji cha Lissmyra, Dalarna.
Jumanne, baada ya kukamua.

Kwa Mhariri,
Gazeti la Sauti ya Bonde.

Ndugu Mhariri mpendwa,

YAH: KUOMBA ASILI YA NENO IFUTWE, AU IBADILISHWE, AU ANGALAU IAHIRISHWE MPAKA BAADA YA HARUSI

Pokea salamu zangu kutoka huku juu, wewe na wote unaofanya nao kazi, akiwemo yule binti wa simu aliyenijibu jana kwamba malalamiko ya rangi yapelekwe dukani. Mimi sijambo. Goti la kushoto lina maoni yake kuhusu mvua, lakini tunaelewana. Ng'ombe nao hawajambo, isipokuwa mmoja, ambaye nitamfikia.

Kwanza ujue kwamba mimi si mtu wa kulalamika. Gazeti lako nimelisoma tangu enzi za wino unaoshika vidoleni, na nikishalisoma nalitumia kwa kila kazi ambayo gazeti linaweza kufanya nyumbani. Mwaka ule mlipotangaza kwamba nimefariki, kumbe aliyefariki ni wajina wangu, Gunvor wa Backa, nilinyamaza. Nikawaandikia kadi za shukrani wote walioleta maua, tukaendelea na maisha. Kwa hiyo ukiniona leo nimekamata kalamu, elewa kwamba maji yamenifika shingoni.

Jumamosi iliyopita, kwenye ile safu ya "Neno Limetoka Wapi", bwana wenu Daktari Sixten Wallerius aliandika kuhusu rangi ya kahawia. Nilianza kumsoma kwa nia njema kabisa, kikombe mkononi. Anasema neno letu la Kiswidi la kahawia ni la kale mno, kwamba lilikuwa vinywani mwa mababu zetu kabla Waswidi, Wajerumani na Waingereza hawajagawana lugha. Nikafurahi, maana mimi napenda vitu vya kale. Kisha akaendelea. Akasema kwamba katika ukoo huohuo wa maneno ndimo lilimotoka jina la yule mnyama mkubwa wa msituni. Eti mababu walimwogopa hata wasithubutu kulitaja jina lake la kweli, wakawa wanamwita "yule wa kahawia", wakafanya hivyo kwa muda mrefu hata jina la kweli likasahaulika kabisa, na hili la kuzugia ndilo likawa jina. Basi. Akaweka nukta, akatia sahihi, naamini akaenda zake kula chakula cha mchana. Mimi nikabaki na balaa.

Nasikia wewe ni mtu wa Malmö, mahali ambapo kitu kikali kuliko vyote porini ni bata. Basi niruhusu nikueleze kidogo. Huku juu mnyama huyo hatajwi. Si ushirikina, ni adabu ya kazi. Tangu siku ya kupandisha ng'ombe malishoni kiangazi mpaka siku ya kuwashusha, yeye ni Babu. "Babu amepita kwenye matunda." "Babu ana njaa mwaka huu." Hivyo ndivyo alivyosema mama yangu, na mama yake pia. Jina lenyewe sitaliandika. Nimempa mjukuu wangu Tyra kalamu aliandike yeye, hapa: dubu. Ameliandika, amecheka, amekwenda zake kutenga jibini.

Na sababu ya kutolitaja ni rahisi hata mtu wa Malmö ataielewa: jina linaita. Hilo silisemi kwa kusikia, ndiyo kazi yangu. Kila jioni napanda juu ya jiwe lililo nyuma ya banda, nafungua koo, naita ng'ombe kwa ule mwito wetu mwembamba unaopasua msitu, jina moja moja: Lilja, Docka, Krona, Bruna. Wao wako ng'ambo ya bonde, hawanioni, midomo imejaa majani matamu kuliko ya hapa, na bado wanaacha kila kitu wanakuja. Kwa nini? Kwa sababu wameitwa. Sasa kama ng'ombe, ambaye akili yake naifahamu vizuri, anaitika jina lake, yule mwenye masikio makali kuliko yeye atashindwaje?

Sasa nije kwenye kidonda chenyewe. Tyra ndiye mtu pekee katika ukoo wetu aliyerithi koo hili. Binti yangu alikimbilia Göteborg, anauza bima na anaogopa kwato. Nikiondoka mimi, kambi hii ni Tyra au ni magugu. Na Tyra anaitaka, Mungu ambariki, anajua kukamua, anajua kupika siagi ya maji ya jibini bila kuiunguza, na akiita ng'ombe hata mimi nageuka. Ila majani yalipoanza kuchipua alileta mchumba.

Kijana mwenyewe sina ugomvi naye. Anauza miwani mjini Gävle, ni mpole, na siku ya kwanza tu aliona miwani yangu imelegea akatoa kibisibisi mfukoni akaikaza bila kuombwa. Ni mkubwa, hilo nilisema hata kabla hajavua koti, na ana ndevu za kahawia zinazoshuka mpaka zinakutana na nywele za kifua. Asali anakula kwa kijiko. Asubuhi haamki mpaka atikiswe. Yote hayo ningeyavumilia. Nikamuuliza jina. Akanyoosha mkono mpana kama sufuria, akalitaja jina lake waziwazi, mbele ya ng'ombe.

Ndilo hilohilo, Ndugu Mhariri. Neno lilelile aliloandika Tyra hapo juu, kwa Kiswidi chetu, herufi kwa herufi. Najua nchi hii imejaa wanaume wenye jina hilo, wengine mapadri, wengine madaktari wa meno. Wabaki huko huko mjini, nawatakia kila la heri. Lakini mwenye jina hilo hawezi kukaa malishoni, na nikamwambia Tyra hivyo. Tyra akanijibu kwa upole ambao ningefurahi zaidi kama ungekuwa ukali: "Sawa, Bibi. Lakini asipopanda yeye, kiangazi kijacho na mimi sipandi." Na tangu Jumamosi anatembea na ukurasa wako mfukoni. Nikifungua mdomo tu, anaukunjua: "Bibi, soma mwenyewe! Jina lake maana yake kahawia. Sasa unaogopa rangi?"

Kwa hiyo nina malalamiko yafuatayo, ambayo nimeyapa namba ili yasikuchoshe.

1. Nimepotezewa maisha. Utoto wangu wote na utu uzima wangu wote nimekwepa jina, na leo naambiwa kwamba nilichokuwa nikikwepa chenyewe kilikuwa ni kukwepa. Nimevaa koti la mvua juu ya koti la mvua, na hakuna aliyeniambia. Shuleni mwalimu alinipa kitabu cha wanyama nikisome mbele ya darasa, nilipofika kwenye ukurasa ule nikasema Babu, darasa likaangua kicheko, nikasimamishwa pembeni niutazame ukuta. Ukuta, kwa taarifa yako, ulikuwa wa kahawia. Nani atanirudishia asubuhi ile?

2. Mababu wanasifiwa kuliko wanavyostahili. Hebu fikiri: unaishi msituni, kila kitu msituni ni cha kahawia, na wewe unaamua kumficha mnyama hatari kuliko wote kwa kumwita wa kahawia. Jamani! Sungura wa kiangazi ni wa kahawia. Kongoni wa kwetu, yule mrefu mwenye pembe kama majembe, ni wa kahawia. Na Daktari mwenyewe anakiri, mwishoni mwishoni kwa maandishi madogo, kwamba yule panya mkubwa wa maji anayekata miti kwa meno naye jina lake limetoka kwenye rangi hiyohiyo, tena ikirudiwa mara mbili, kahawia-kahawia. Mmoja anakula ng'ombe, mwingine anaangusha miti. Sasa babu yetu wa kale anaingia kijijini anahema, anapiga kelele, "Wa kahawia anakuja!" Watu wapande mti au washuke?

3. Daktari anaongeza kwamba zamani hizo neno hilohilo lilitumika pia kusifu upanga unaong'aa. Hii nayo imeleta hasara. Jirani yangu wa banda la pili, Svea Ollas, alikuwa na desturi ya kusugua sufuria yake ya shaba mpaka unajiona meno. Nimemkataza, mng'ao usije nao ukamwita Babu. Amekasirika, na sufuria imekuwa nyeusi, na wageni wanaopanda kununua siagi wanatuuliza kama kulitokea moto.

4. Safu inasema pia kwamba Wagiriki na Warumi hawakuogopa. Wao walilihifadhi jina la kweli, wakalitaja hadharani, sokoni na majumbani. Daktari analiandika hilo kana kwamba ni la kuwapongeza. Ningependa kumuuliza kwa heshima zote, ufalme wa Warumi uko wapi leo?

5. Hapa naomba unisome polepole. Kama jina la mnyama ni rangi, basi rangi ni jina la mnyama, na jina la mnyama halitajwi malishoni. Sikuwa na ujanja. Jumapili asubuhi nikapiga marufuku kahawia. Matatizo yakaanza saa ileile, maana siagi yetu inapikwa kwa kukoroga maji ya jibini tangu asubuhi mpaka yawe ya rangi fulani, na rangi yenyewe ndiyo hiyo. Mgeni akamuuliza Tyra, "Nitajuaje kama imeiva?" Tyra akanitazama, akasema, "Ikifanana na viatu vya Svea vya kanisani." Mgeni akaomba aonyeshwe viatu. Svea akatoa. Siku nzima viatu vya kanisani vilikaa juu ya meza ya siagi, na kufika jioni mtu akisema "viatu vya Svea" wote tunatazama nyuma. Kwa hiyo ikabidi viatu navyo visitajwe. Svea akaja na wazo la kusema "rangi ile". Nikakubali. Ila usiku nikagutuka: tukisema "rangi ile" kwa wiki moja, si ndiyo litakuwa jina lake? Itabidi tuliache nalo, tutafute jingine, na hilo nalo tuliache. Nimekuwa nikiliwaza jambo hili tangu juzi, na naona kwamba kufika msimu wa theluji tutakuwa mabubu.

6. Lalamiko la sita nimeliruka, linamhusu Svea, na Svea ni msomaji wenu.

7. Kwa kuwa mimi si mkatili, nilikubali kijana apande Jumamosi, akae siku chache za likizo yake, kwa sharti kwamba akiwa hapa hana jina. Tyra akasema sawa, kwa ile sawa yake. Lakini mtu hawezi kuishi bila jina kama mnavyodhani huko ofisini. Anaitwaje kwenye chakula? Tulijaribu kutumia heshima, tukamwita Babu, kama tunavyomwita mwenzake. Jumapili Tyra akachungulia ndani kwa Svea akasema, "Babu yuko mlangoni anaomba kahawa." Svea ana miaka zaidi ya themanini, Ndugu Mhariri, na sijawahi kumwona akipanda ngazi ya dari kwa mwendo ule. Kijana maskini akasimama chini ya ngazi anaomba radhi, na kila alipofungua mdomo ule na ndevu zile, Svea alizidi kurusha vitu. Alimpiga kwa ndoo. Tangu siku hiyo tunamwita kwa kugonga kifuniko cha sufuria. Kikigongwa anakuja, anakaa, anakula, anashukuru. Tyra hali chakula akiwa pale. Anakaa ameshika tama, anakitazama kile kifuniko, na mimi najifanya sioni.

8. Hili ndilo zito kuliko yote. Nina ng'ombe anaitwa Bruna. Jina lake, kama kila mtu wa bonde hili ajuavyo, maana yake ni wa kahawia, maana ndivyo alivyozaliwa na hatukuona sababu ya kumtungia shairi. Ni ng'ombe wangu bora. Ndiye mwenye kengele, ndiye anayetangulia wenzake. Sasa jioni ya Jumapili nikapanda juu ya jiwe, nikaita Lilja, nikaita Docka, nikaita Krona, nikafika kwake nikakwama. Nikimwita yeye, namwita nani? Nikafunga mdomo nikashuka. Wenzake wakaja. Yeye akafika baadaye sana, peke yake, akasimama langoni akanitazama. Jana hivyo hivyo, akachelewa zaidi, na maziwa yamepungua. Ng'ombe anajua akirukwa. Mimi nimefuga maisha yangu yote na nakuambia yule mnyama ameumia moyo, na aliyemuumiza ni Daktari Wallerius.

Kutokana na hayo yote, naomba yafuatayo, na nitaridhika na lolote kati yake.

(a) Daktari alisema kwa kifupi kwamba wako wataalamu wengine wanaopinga, wanaoamini kwamba jina la mnyama halikutoka kwenye rangi bali lilimaanisha tu mnyama wa porini. Wachapisheni hao! Ukurasa wa kwanza, herufi kubwa. Siwajui na sijui hoja yao, ila naiunga mkono kwa moyo wangu wote.

(b) Au Daktari akatafute lile jina la kweli la kwetu lililosahaulika, si hilo la Warumi. Ana digrii, ana ofisi yenye joto. Akilipata asilichape, namwomba sana asilichape. Aje aninong'oneze wakati wa baridi, Babu akiwa amelala, ili angalau mtu mmoja bondeni ajue hasa anakwepa nini.

(c) Au kahawia istaafishwe. Imefanya kazi tangu zama za mapanga, inatosha. Taifa lipewe rangi nyingine ya kuweka mahali pake.

(d) Au, kama yote hayo yana gharama, andikeni tu makala fupi kuhusu uzuri wa jina la Torsten. Elezeni kwamba ni jina la kiume, limetulia, halina manyoya, na kwamba kulibadilisha jina ofisini ni kujaza karatasi moja tu. Makala hiyo ikifika kwenye maduka ya miwani ya Gävle nitafurahi. Nimeshamdokezea kijana mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta miwani yake, akasema, "Bibi, hili jina nilipewa na baba, na yeye hayupo tena nimwombe jingine." Kwa hiyo nakuandikia wewe.

Sitaki mtu aumie. Nataka tu mjukuu wangu apande na ng'ombe kiangazi kijacho, nikae barazani nimsikie akiita.

Nisalimie Daktari Wallerius, mwambie sina kinyongo naye, ila asipite huku. Nisalimie wachapaji, wapiga picha, na yule mama wa matangazo ya vifo, mwambie bado nipo. Nisalimie na yule binti wa simu, dukani nilikwenda, hawakunisaidia.

Nabaki msomaji wako mwaminifu, niliyekamua, niliyechoka, na ninayesubiri jibu kabla ng'ombe hawajashuka,

Gunvor Matsgård,
mkuu wa kambi ya Granbuan.

Tanbihi (naiandika Alhamisi, maana gari la posta bado halijapanda).

Ndugu Mhariri, bahasha nilikuwa nimeshaifunga. Nimeifungua kwa mvuke wa birika.

Jumanne ileile jioni niliita ng'ombe watatu, wakaja watatu. Bruna hakuja. Tukangoja. Kijana alikuwa amekaa kwenye ngazi ya banda anaviringisha kamba, akaniangalia, akaangalia msitu. Akavaa mabuti yangu ya zamani, ambayo hayamtoshi, akaondoka. Hakuna aliyemtuma. Nilidhani atafika kwenye kijito na kurudi.

Kisha ukungu ukashuka. Wewe ukungu wa Malmö unaujua, unatoka baharini unanukia samaki. Huu wetu unashuka kutoka mlimani na haunukii kitu, na ukishakaa huoni mkono wako. Kule nyuma ya kijito kuna kinamasi ambacho kimemeza farasi. Kijana wa watu, muuza miwani, hajui njia hata moja.

Tyra alitoka nje akasimama kando yangu. Akaweka mikono mdomoni kama anavyofanya siku zote kabla ya kuita. Kisha akaishusha. Alikuwa ameniahidi kwamba hapa kijana hana jina, na Tyra akiahidi ameahidi. Akanigeukia, akasema neno moja tu: "Bibi." Loo! Nimemlea mtoto yule, nimemwona ana homa, nimemwona amevunjika mkono, sijawahi kumsikia akiniita namna ile.

Goti au si goti, nilipanda juu ya jiwe. Nilifungua koo, nikaita Bruna, jina zima, mpaka mwisho wa pumzi. Halafu nikavuta pumzi nyingine nikamwita Björn.

Ndiyo, nimeliandika mwenyewe, na kalamu haikuvunjika. Björn. Niliita Björn juu ya msitu mzima kwa sauti ambayo nilidhani imeshaniacha, nikarudia, nikarudia tena, Tyra akapanda akasimama nami tukaita wawili, yeye kwa sauti ya juu mimi kwa ya chini, Bruna na Björn, Bruna na Björn. Svea anasema alijifunika blanketi kichwani akasali sala zote anazozijua, hata ya chakula.

Tulisikia kengele kwanza. Kisha Bruna akatokeza, anatembea kwa maringo kabisa, na nyuma yake ameshikilia mkanda wa kengele mtu mkubwa aliyelowa mpaka kiunoni, miwani imejaa ukungu haoni kitu. Buti moja limebaki kwenye kinamasi. Sijui nani alimleta mwenzake na sikuuliza. Akafika mpaka chini ya jiwe, akainua kichwa kutafuta niko wapi, akasema, "Samahani, Bibi. Nilisikia naitwa." Tyra alishakuwa shingoni mwake. Mimi nililia, na sioni haya kukuandikia.

Jana asubuhi tulitoka kutazama. Kwenye matope karibu na kijito kulikuwa na nyayo za yule mwingine, mbichi, pana. Zilikuwa zinakuja upande wetu kwa hatua za taratibu. Kisha, mahali ambapo mwito wangu ungemfikia vizuri, zimegeuka, na kutoka hapo kurudi mlimani ni mruko mmoja baada ya mwingine, ameng'oa zulia la kijani la msitu, amevunja mti mchanga. Svea alizitazama, akasema, "Gunvor, hata yeye hakungoja kujua anaitiwa nini."

Kwa hiyo naomba barua hii usiichape. Malalamiko namba moja mpaka nane nimeyafuta. La sita halikuwepo, lakini nalifuta pia. Ombi (d) nalifuta mara mbili. Lile tu la kwamba jina linaita silifuti, maana hapo sikukosea hata kidogo.

Harusi ni mwezi wa nane, hapahapa kambini, kabla ya kushusha ng'ombe. Unakaribishwa na mkeo. Mlete na Daktari Wallerius, avae suti ya rangi yoyote, hata ile. Tyra ameniambia kiangazi kijacho wanapanda wote wawili, na Björn ameshaanza kuniuliza kama koo linafundishika kwa mwanamume. Nimemwambia hapana, lakini anaruhusiwa kujaribu mbali na ng'ombe.

Naishia hapa, maana chakula kiko tayari na lazima nitoke nje nikamwite. Kifuniko nimekirudisha kwenye sufuria yake.

G. M.